Koo Ni Langu

Sapiwi, Bariadi
14 Januari 2024

Mke mwenzangu Maximiliana,

Mwangaluka. Kama barua hii imekukuta umelala, amka kwanza, jifunge kitenge, ndipo usome maneno ya bibi yako.

Huku tupo. Mvua imenyesha mpaka choo cha baba yako mdogo Jilala kimebomoka. Nilimwambia tangu kiangazi kwamba udongo ule ni wa kufinyangia vyungu, si wa kujengea choo. Hakusikia. Sasa ukoo mzima unakuja kwenye choo changu na hakuna anayeleta maji. Pamba imesimama vizuri, palizi ya kwanza imekwisha. Yule ng'ombe mwekundu kazaa dume. Mke wa Jilala naye kazaa, wa kike. Wamempa jina la kwenye televisheni ambalo siwezi kulitamka, mimi namwita Salu na anaitika kwa macho.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Simu ile imeharibika kitufe. Na hata kikipona, meseji usitume. Macho yangu hayaoni herufi za simu, kwa hiyo anazisoma mtoto wa Jilala mbele ya watu, tena kwa kupayuka: "Bibi nakupenda, bibi nakumiss." Watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Andika barua. Ngumbaru nilikwenda kwa ajili gani, kama si kusoma barua zangu mwenyewe mlango ukiwa umefungwa?

Sauti imekwaruza kidogo tangu mavuno yaliyopita. Ni mafua yamekaa. Nimekwisha kuyashughulikia, usiniulize. Wiki iliyopita tulilima kwa Mzee Joakim, nikamwachia Esteria aanzishe nyimbo. Anaimba kama mtu anayefukuza kwelea shambani. Mistari ya jembe ilipinda yote.

Wewe unakula? Tunduru kuna michembe? Kama hakuna, sema. Nitaanika viazi vya kutosha nikutumie, usije ukakonda wakasema ualimu umekutesa.

Mimi bibi yako,
Anyes


Tunduru
9 Februari 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mke mwenzio nipo, nakula, na michembe huku hakuna. Wanakula korosho kama sisi tunavyokula karanga. Mwaka huu nimepewa darasa la tatu. Ni watoto wazuri, ila wakinisikia nasema na baba mdogo kwa simu Kisukuma chetu, wanaigiza mpaka kengele inalia. Mpe Salu busu langu.

Bibi, sasa nisikilize. Baba mdogo ameniambia kila kitu. Simu haijaharibika. Sauti ndiyo imekwisha. Anasema unanong'ona tu, na mbuzi unawaita kwa kupiga makofi. Anasema ukipanda kale kamlima ka kisimani unasimama katikati na pumzi inapiga filimbi. Mafua gani yanakaa tangu pamba ya mwaka jana iko shambani mpaka leo?

Mama alipofariki sikuwa hata nimeanza shule. Sura yake siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka cha utoto wangu ni wewe unaniita kutoka ng'ambo ya mto, na watu wa ng'ambo wananiambia, "Kimbia, bibi yako huyo." Siwezi kukaa huku nikisikia kwamba sauti ile haipo, nikanyamaza.

Nakuomba nenda hospitali. Si dukani kununua dawa za kunyonya. Hospitali. Baba mdogo amesema atakupeleka Bariadi, siku yoyote utakayotaka.

Nisamehe kama nimesema kama mkubwa wako.

Mjukuu wako,
Maximiliana


Sapiwi
20 Machi 2024

Mjukuu wangu,

Mwadila. Nakuandikia mchana, watu wamekwenda mnadani, nyumba imetulia. Salu anaota jino. Dume la ng'ombe mwekundu limekufa kwa kuharisha. Bei ya dawa ya pamba imepanda na wote wanalalamika kana kwamba mwaka jana ilishuka.

Nimekwenda. Umefurahi? Bariadi daktari alinishika ulimi kwa kitambaa kama mtu anayemvuta kambale, akaingiza kioo, akasema kifaa cha kuangalia vizuri hana, twende Mwanza. Mwanza wakanipitishia puani mpira mwembamba wenye taa. Nilitoa machozi. Sikulia, ni machozi tu, usije ukamsikia Jilala akisema nililia. Koo langu nililiona kwenye kioo chao cha televisheni. Mle ndani kuna mikanda miwili ya sauti, myeupe, inafunguka na kufunga kama mlango wa zizi. Wa kushoto, kwa nyuma, umekaliwa na kitu kama punje ya hindi. Ndiyo maana haufungi. Wakachukua kinyama kwenda kupima, wakasema turudi.

Daktari ni kijana wa Upareni, anaitwa Elineema. Ana mikono safi na adabu. Lakini anaongea na Jilala. "Mama anameza vizuri? Mama amepungua? Mama amewahi kuvuta sigara?" Na mimi nimekaa hapo hapo katikati yao, nimevaa gauni la kanisani na viatu. Ukikosa sauti watu wanakuona kama mzigo ulioletwa na basi.

Tuliporudi kwa majibu walisema neno. Silitaji humu, barua hii inapita kwenye mikono mingi. Wanataka kukitoa kisanduku cha sauti chote, wakitupe, halafu watoboe shingo hapa chini nipumulie tundu. Nilimnong'oneza Jilala: muulize, sauti nitaipata wapi tena? Hakumuuliza. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nimekataa, tumerudi nyumbani.

Usinitumie maneno ya kunibembeleza. Unajua mimi ni nani kwenye kikundi chetu. Tangu sijaota mvi mimi ndiye ningi, mimi naanzisha wimbo na wengine wanaitikia, jembe linapanda, jembe linashuka. Babu yako alinioa kwa sababu ya sauti; alisema mwenyewe kwamba sura aliiona baadaye. Wanawake wa Ipililo walikuwa wanakuja kutushinda kulima, wanarudi wamenuna. Nikipata tundu shingoni nitaimba na nini? Nitakugombeza na nini?

Bora nife na hiki kimkwaruzo nilichobaki nacho.

Anyes


Tunduru
15 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Pole kwa ndama. Pole kwa safari. Huku mvua ni nyingi, barabara ya Songea imekatika mara mbili na ndiyo maana barua yako imechelewa. Nilikuwa naulizia kila siku kwa karani wa shule mpaka ameanza kujificha akiniona.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaenda kufundisha, na sikumbuki nilifundisha nini.

Sitakubembeleza, umenikataza. Nakuuliza tu. Ule ugonjwa waliousema, bibi, hausubiri. Daktari amemwambia baba mdogo kwamba pamoja na kile cha kwenye mkanda wa sauti, aliona kidonda kingine juu, kwenye kaakaa, pale kimeo kinaponing'inia. Anasema ndicho kinachomtisha. Anaona ugonjwa umeshaanza kupanda, na ukifika mahali fulani hata kukata hakutasaidia. Hilo hukuniandikia. Je, kinauma? Kinatoa damu? Kilianza lini?

Nimezungumza na baba mdogo kwa kirefu. Tumeelewana kwamba lifanyike lolote linalowezekana ili ubaki nasi. Naomba tu ukubali kurudi Mwanza, wakuangalie tena. Kuangaliwa hakukati kitu.

Juni nikifunga shule nitakuja.

Nakupenda. Hii hata ikisomwa mbele ya watu, sawa.

Maximiliana


Sapiwi
6 Mei 2024

Maximiliana,

Mwangaluka. Tumeanza kuvuna. Pamba ni nyeupe na mikono inachubuka. Choo cha Jilala kimejengwa upya kwa udongo ule ule. Sisemi kitu, maana siwezi.

Unaniuliza kidonda. Kidonda gani? Nyinyi na daktari wenu mnatafuta ugonjwa hata pasipokuwa na kitu. Hapo juu ni mahali alipokata Bujiku. Sauti ilipokwaruza, kila mtu alisema ni kimeo kimerefuka, kinagusa koo, kikatwe. Nami najua ni kimeo, nani asiyejua? Changu kilikatwa nikiwa mtoto, kikaota tena, vinaota. Mama yako kilikatwa. Wewe mwenyewe nilikupeleka ukiwa na kikohozi, ukamng'ata Bujiku kidole mpaka leo ana alama. Basi Krismasi ilipokaribia nikaenda, akakata kwa kile kisu chake cha ndoano, akapaka dawa yake ya unga. Ikaunguza. Januari sauti haijarudi, nikaenda tena, akasema alibakiza kipande, akakata zaidi na kupaka zaidi. Kinachelewa kupona kwa sababu ya dawa ile, ni kali, na mimi nakula chakula cha moto. Ndicho hicho kidonda chenu.

Unataka kusema mbona sikumwambia daktari. Hakuniuliza mimi! Alimuuliza Jilala: "Mama amewahi kukatwa kitu chochote kooni?" Jilala akajibu haraka kama mwanafunzi: "Hapana, dokta, hajawahi." Jilala anajua nini? Kwa Bujiku nilikwenda na miguu yangu, sikumuaga mtu. Mimi pale nilikuwa nimekasirika. Nikajisemea, kama wanaona mwenye koo ni Jilala, basi na wamtibu Jilala.

Na Bujiku si daktari, hakunifanyia upasuaji, amekata kimeo, kama vile mtu anakata kucha. Sikuona kama ni habari.

Umesema mmeelewana, wewe na baba yako mdogo. Mmeelewana nini? Niandikie.

Anyes


Tunduru
24 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Naandika haraka, gari la posta linaondoka.

Niliposoma habari ya Bujiku nilitoka darasani nikampigia baba mdogo pale pale, naye akampigia daktari Elineema. Anasema daktari alimrudisha mara mbili kwenye habari ya kisu. Halafu akasema: "Mlete."

Baba mdogo ameniunganisha naye nikasikia mwenyewe. Kama kidonda cha juu ni cha kisu, basi ugonjwa haujapanda popote. Kuna uvimbe mmoja tu, mdogo, na wewe hujavuta sigara maisha yako yote. Hapo ndipo amepata shaka na majibu ya kwanza. Kipande walichopima kilitoka juu juu, kwenye ngozi iliyoufunika uvimbe. Anasema upo uvimbe wa nadra ambao si mbaya wenyewe, lakini ngozi ya juu yake hunenepa na kuota vibaya mpaka chini ya darubini inafanana na ule ugonjwa. Anayepima ngozi peke yake anadanganyika. Anataka akulaze nusu kaputi, aingie ndani zaidi, auchukue wenyewe.

Hakuniahidi kitu, bibi. Alisema mara mbili kwamba huenda majibu ya kwanza yakawa ya kweli. Nami wewe sikuahidi kitu. Lakini nenda.

Umeniuliza tulielewana nini. Baba mdogo atakueleza.

Likizo ya Juni sitaweza kuja, darasa la saba wana kambi na mkuu wa shule amenipanga. Usikasirike.

Maximiliana


Sapiwi
8 Julai 2024

Maximiliana,

Wote ni wazima. Pamba imeuzwa. Habari za nyumbani zinatosha.

Barua yako ya mwezi wa tano ilinikuta nimetoka Mwanza. Jilala alikuwa ameniambia daktari anataka kutoa uvimbe tu, nikakubali kwenda. Mlichoelewana Jilala hakunieleza, ingawa uliandika kwamba ataeleza. Aliyenieleza ni nesi.

Asubuhi ya kukatwa alikuja kuniandaa, kasichana kanaitwa Precious, kana kope za bandia ndefu kama za ndama. Ananivalisha gauni la kijani huku ananitia moyo. Akasema, "Bibi usiogope, hata wakikitoa chote utazoea. Kuna mzee wodi ya wanaume ana tundu na anaagiza chai mwenyewe kwa mkono." Nikamshika kiganja. Nikamnong'oneza, kitoke nini? Akashangaa. "Si mwanao ameshaweka sahihi? Wakiingia wakaona ni mbaya, wanamalizia hapo hapo, usije ukalazwa nusu kaputi mara mbili."

Nilishuka kitandani. Lile gauni limefungwa nyuma kwa kamba mbili na katikati ni wazi. Nilitembea nalo hivyo hivyo mpaka kwenye benchi alipokaa Jilala, watu wanatazama. Nikamwambia kwa midomo: umeuza koo langu? Akaangalia viatu vyake tena, mtu mzima, baba wa watoto. Akasema, "Mama, si mimi peke yangu. Maximiliana alisema tusikuambie. Alisema ukijua utakataa na utakufa."

Maximiliana alisema.

Mimi nimekulea. Nimekutafunia mchembe ukiwa huna meno. Nilikuwa naogopa madaktari, sikujua kwamba wa kuogopwa yuko Tunduru anafundisha watoto kuandika.

Ningelala nikaamka bubu, na nyinyi wawili mngeniambia nini? Mngeniambia daktari aliamua. Na mimi ningewaamini, maana ningewezaje kubisha?

Nilirudi kitandani nikakataa kulala. Precious analia kope zinaanguka. Akaitwa Elineema. Akataka kwenda kwa Jilala, nikamshika koti. Akakaa kwenye kitanda changu, pale miguuni. Kwa mara ya kwanza akaniangalia mimi, akauliza, "Bibi, wewe unataka nini?" Nikaomba kalamu yake. Nikaandika: TOA UVIMBE. SAUTI USIGUSE. UKIONA MBAYA NIAMSHE TUONGEE. Akasoma. Akaniuliza kama najua kwamba kusubiri kunaweza kuniua. Nikaitikia kwa kichwa kwamba najua. Akasema sawa, akafuta sahihi ya Jilala kwenye fomu, nami nikaandika jina langu mahali pake. Anyes.

Wamekata. Nimeamka. Kisanduku kipo. Majibu ya kile kinyama hayajatoka, na nimeambiwa nisiseme kabisa, hata kunong'ona, kunong'ona ndiko kunaumiza zaidi. Nimemkataza Jilala kukuambia habari zangu kwa simu. Akikuambia nitajua, maana hawezi kudanganya, anaangalia chini.

Ile kambi ya darasa la saba sikuiamini hata kidogo. Ulikuwa na haya kuniangalia.

Anyes


Tunduru
30 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo.

Kambi ilikuwepo, lakini walimu wengine waliomba ruhusa wakapewa. Mimi sikuomba.

Ni kweli nilimwambia baba mdogo. Alikuwa anakataa. Alisema, "Mama ataniua." Nikamwambia, "Bora akuue wewe kuliko yeye afe." Nilimpigia mara nyingi mpaka akachoka. Kwa hiyo usimchukie yeye.

Sisi wote tumekuwa tunaandika "ule ugonjwa", "lile neno". Niliogopa kansa, bibi. Nimeliandika. Kansa ndiyo iliyomuua mama na hakuna aliyewahi kuniambia; nilimsikia mjomba akisema kwenye msiba wa babu. Ulipoandika kwamba bora ufe na kimkwaruzo chako, nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Nilijiambia, bibi anachagua wimbo kuliko mimi. Nikaona kwamba bibi asiye na sauti ni bora kuliko kaburi. Sikufikiria kwamba ni wewe utakayeishi na tundu hilo, si mimi. Mimi ningekuja Desemba, nikae wiki moja, niondoke.

Najua ni kosa. Na nakwambia ukweli mwingine: ningekuwa na hofu ile ile tena, sijui kama nisingefanya vile vile.

Majibu yametoka? Baba mdogo hapokei simu yangu. Mke wake anapokea, anasema "mama amekataza", anakata. Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni mbaya.

Nisamehe.

Maximiliana


Sapiwi
2 Septemba 2024

Maximiliana,

Mwangaluka. Kumekauka, ng'ombe wanapelekwa mbali kunywa maji. Salu anasimama kwa kushika ukuta. Mke wa Jilala anasema umekuwa unampigia mpaka mtoto anacheza ule mlio wa simu. Nimemruhusu sasa apokee, lakini barua hii ikutangulie, nataka uyasome kwangu.

Majibu yametoka. Nilipewa mimi. Jilala alikuwa nje ananunua machungwa, daktari akasema tumngoje, nikatikisa kichwa: sema.

Si kansa.

Ni uvimbe wenye jina refu la Kizungu, nimemwambia alirudie na bado limenishinda. Anasema umeota kutoka kwenye vishipa vya kuhisia, ndani yake una chembechembe kama sembe iliyokobolewa vibaya. Hautembei mwilini. Hauli mtu. Na kweli ngozi yake ya juu ilikuwa imejifanya kansa, kama alivyokwambia. Alisoma habari zake chuoni, lakini kwa mgonjwa wake mimi ni wa kwanza. Kaakaa nalo limepona kabisa.

Wakati huo nilikuwa nimeruhusiwa maneno machache. Nikamuuliza, je, mwezi wa tatu ningekubali? Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Tungekitoa, bibi. Tungekitoa chote, na baadaye tungekipima tukajua." Hakuzungusha. Akasema siku hizi mgonjwa asiye na sauti anampa kalamu kwanza, ndugu wanangoja nje. Nimemwambia angeanza mapema.

Anasema unaweza kurudi, mara nyingine hurudi, kwa hiyo nitakuwa nakwenda kupitishiwa ule mpira kila baada ya miezi. Mtu hajui. Kila nikikohoa nasikiliza.

Bujiku nilimfuata. Nilimwambia mtu akija kwako amekauka sauti, usimkate, mwambie aende hospitali kwanza. Unajua alinijibu nini? "Lakini wewe nilikukata na sasa unaongea." Anawaambia watu hadi Nyalikungu kwamba yeye ndiye aliyeniponya. Wateja wameongezeka. Nilitamani kumpigia kelele na kelele haikutoka, ilitoka hewa.

Maana sauti imerudi lakini si ile. Chini ni nzito kama ya mwanamume aliyelala na moshi. Juu haifiki, inakatika. Nilifunga mlango nikajaribu wimbo wetu wa palizi, ule uliomsimamisha babu yako barabarani. Nilipofika pale pa kupanda hapakuwa na kitu. Nilikaa kitako kwenye gunia la mahindi muda mrefu.

Tulipokwenda kung'oa miti ya pamba, wanawake walinisogezea nafasi yangu ya mbele. Nikamsukuma Esteria, nikasema anzisha. Nikasimama mstari wa nyuma, nikaitikia. Tangu niwe msichana sijawahi kuitikia. Sasa nimemsikia vizuri kutoka nyuma: anaanza juu mno, ndiyo maana mistari inapinda. Nimemwambia. Amenuna, lakini ameshusha.

Sasa wewe. Unaomba msamaha, halafu kwenye karatasi hiyo hiyo unasema huenda ungerudia. Angalau hukudanganya. Habari ya mama yako nilipaswa kukuambia mimi na si mjomba, hilo tutaongea. Nilijaribu kukujibu yote humu. Nilianza, nikachana, nikaanza tena. Karatasi haigombezi mtu. Mtu anaisoma huku anakunywa chai, likifika neno kali anaangalia dirishani. Maneno niliyokuwekea ni ya kuambiwa ukiwa umekaa kwenye kigoda mbele yangu, huku unanikobolea karanga, huna pa kwenda.

Sijakusamehe. Njoo Desemba. Na usije na kibegi cha siku mbili, omba likizo yote: daktari ameniruhusu kuongea kidogo kidogo, nipumzike, ndipo niendelee, na nina mengi.

Bibi yako,
Anyes